Naitwa Sikujua

Kibao cha duka langu kimeandikwa SIKUJUA USHONAJI. Mchoraji nilimwambia aandike "Ushonaji wa Sikujua". Akaona ubao ni mfupi, akaitupa "wa" na kuyapanga maneno mawili yaliyobaki alivyojua yeye. Niliporudi kutoka kununua vifungo nilikuta rangi imeshakauka na watu wamejaa mbele ya mlango wangu wakishikana mabega kwa kicheko. Mmoja wao, kijana mrefu mwenye suruali fupi, akaniuliza, "Dada, hukujua ushonaji, je, sasa umejifunza?" Nikamwambia alete kitambaa aone. Alileta kweli, nikamshonea suruali inayofika chini, na mpaka leo ni mteja wangu.

Sikujua ni jina langu la kweli. Si utani wala si la biashara. Nilipewa nikiwa mchanga, siwezi hata kukaza shingo, na hasira zangu zote, ambazo majirani watakusimulia bila kuulizwa, zimeanzia hapo.

Siku ya kwanza shuleni mwalimu aliniuliza, "Unaitwa nani?"

"Sikujua."

"Hukujua jina lako?"

"Najua, mwalimu. Ni Sikujua."

"Unajua au hujui?"

Nilisimamishwa ukutani mpaka kengele ikalia. Baadaye wenzangu wakagundua faida ya jina langu. Kioo kikivunjika, mwalimu akauliza nani kakivunja, darasa zima lilijibu kwa sauti moja, "Sikujua, mwalimu!" Wao wamejitetea, na mimi ndiye niliyeitwa ofisini.

Ukubwani nako hakukunifaa. Muuguzi akitoka mlangoni na kuita "Sikujua!", lazima kuwe na mzee kwenye benchi atakayemjibu, "Hata sisi hatujui, mama, tunasubiri tu." Na siku ya harusi yangu, mfungishaji ndoa alipomuuliza bwana harusi anamwoa nani, yule mwanamume akavuta pumzi, akajibu kwa sauti nzito, "Sikujua!" Ukumbi ulivunjika mbavu. Mjomba wake akapiga kelele kutoka viti vya nyuma, "Utajua hujui!" Mume wangu ni dereva wa lori, barabara inamwona kuliko mimi, na kila tukigombana kwenye simu hunikumbusha kwamba yeye alionywa mbele ya mashahidi.

Vicheko nilivizoea. Kilichonikaa kooni ni maana. Mtoto akiitwa Furaha au Zawadi, anajua nyumbani kwao alipokelewa vipi. Aliyeitwa Sikujua je? Watu hawakosi kukusaidia kufikiri. "Mama yako hakujua kama ana mimba," aliniambia jirani mmoja akipimwa gauni, nami nikamdunga pini kwa bahati mbaya ya kukusudia. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza mama, akacheka, akasema, "Muulize baba yako." Baba naye akasema, "Muulize mama yako." Nikaenda nikirudi kama mpira mpaka nikachoka. Kisha mama akafariki, na mimi nikaacha kuuliza. Nasema wazi: niliogopa. Niliogopa kuambiwa kuwa nilikuja bila kualikwa.

Basi binti yangu, mwanangu wa pekee, akajifungua mtoto wa kike.

Mkwe wangu ni fundi simu. Ni kijana mpole, ana kibanda safi chenye taa ya mezani na vibisibisi vidogo, na ana kasoro moja tu: chochote kitakachosemwa na simu anakiamini. Jioni moja tulikuwa sebuleni kwao. Binti yangu alikuwa kwenye kochi kubwa, mtoto kifuani. Mimi nilikaa kwenye stuli. Kwenye kiti chenye mto alikaa mama yake mkwe wangu, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Marashi kwa sababu ana duka la vipodozi na harufu yake hubisha hodi kabla yake. Mkwe akakohoa kidogo.

"Mama zangu," akasema, "mtoto atachukua jina la bibi yake mmoja. Ili asionewe mtu, tutaangalia mambo matatu: asili ya jina, maana yake na umaarufu wake. Nimeyatoa hapa." Akainua simu.

Akaanza na jina la mama yake. Jina lenyewe sitalitaja, maana nikilitaja utageuka wewe, na jirani yako atageuka. Simu ikasema asili yake ni lugha ya kale. Maana yake, nuru ya alfajiri. Umaarufu wake, nyota tano. Mama Marashi akajipepea na ncha ya mtandio, akatazama dari kwa unyenyekevu mkubwa.

"Sasa la mama mwingine," akasema mkwe, akaisogeza simu mdomoni. "Nini maana ya jina Sikujua?"

"Samahani," ikajibu simu kwa sauti ya kike yenye adabu. "Sijaelewa swali lako."

"Sikujua," akarudia mkwe.

"Hakuna shida. Ungependa kujua nini?"

Mama Marashi alicheka mpaka ule mto ukadondoka. "Mkwe mwenzangu," akasema akijifuta macho, "si wanasema asiyejua maana haambiwi maana?"

"Hiyo simu imetengenezwa na fundi gani?" nikauliza. "Arudishiwe mwenyewe."

Mkwe wangu akaigeuza simu kifudifudi mezani.

"Mama, usikasirike," akasema binti yangu. "Wewe mwenyewe ulilalamikia jina lako maisha yako yote. Si uliniapisha kwamba nikipata mtoto nimpe jina lolote isipokuwa lako?"

Ni kweli, nilimwapisha, tena zaidi ya mara moja. Lakini mtu unaweza kuisema vibaya nyumba yako mwenyewe. Jirani akiisema ni ugomvi. Nilinyoosha mikono, nikapewa mtoto, akanishika kidole gumba, kile kilichojaa matundu ya sindano, akakikamata kwa nguvu na kulala nacho. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mimi yalinijia pamoja na mjukuu mwenyewe, ndani ya blanketi moja. Nilitaka aitwe Sikujua. Nilitaka kwa moyo wangu wote jina langu lisiishie kwenye kibao.

"Apewe langu," nikasema.

Binti yangu akanitazama kwa huruma, na sipendi kutazamwa hivyo na mtu niliyemfundisha kuvaa viatu.

"Jumamosi babu anakuja kumwona kitukuu chake," akasema. "Jina litatolewa siku hiyo. Wewe tuletee maana yake, mama. Maana ya kweli. Mimi siwezi kumpa mwanangu jina litakalomwambia kila siku kwamba hakutarajiwa."

Yaani naye alikuwa analijua lile jambo kooni mwangu. Nilidhani nimelificha.

Kesho yake nilifunga duka mapema, nikaenda kwa baba. Baba alikuwa fundi bomba, na ingawa mikono imeanza kutetemeka, hajaustaafu ufundi, umemstaafu wenyewe. Anaishi na dada yake, shangazi yangu, mwanamke mwembamba mwenye ulimi usio na breki. Sikio la kulia la baba ni zima. La kushoto ni bovu, hasa ukimuuliza asichokipenda.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umeleta suruali zangu?"

"Bado. Baba, nimekuja kukuuliza. Jina langu lilitoka wapi?"

"Muulize mama yako."

"Mama alishafariki, baba."

"Basi na swali lipumzike," akasema, akainuka kwenda jikoni kutengeneza bomba ambalo halikuwa linavuja. Tukasikia anainama chini ya sinki akigugumia.

Shangazi alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Akatema chuya pembeni, akanitazama.

"Hajakuambia mpaka leo?"

"Hajaniambia nini?"

"Wanaume! Haya, kaa." Nikakaa. "Baba yako alitaka mtoto wa kiume. Usinikodolee macho, nani siku zile hakutaka wa kiume? Mtaa mzima alishautangazia. Alishanunua mpaka spana ndogo, eti mwanangu ataanza kazi akiwa na meno mawili. Siku ya kuzaliwa kwako akaja hospitalini moja kwa moja kutoka kazini, matope mpaka magotini, na mafundi wenzake nyuma yake. Muuguzi akatoka, akamwekea mtoto mikononi, akamwambia ni msichana."

"Akasemaje?"

"Akakutazama. Akasema, 'Sikujua...' Akanyamaza. Midomo inacheza, sauti haitoki. Tukasubiri. Muuguzi naye akasubiri, mwisho akasema, jamani, mimi nina kazi, mtoto aitwe nani? Mama yako yuko kitandani, hoi, mlango uko wazi anasikia kila kitu. Akaniita, 'Wifi, mwiteni hivyo hivyo. Mwiteni Sikujua. Huyu bwana akija kumaliza sentensi yake, tutampa jina jingine.'"

"Na hakuimaliza?"

Shangazi akapepeta ungo. "Wewe unaitwa nani?"

Sisi mafundi nguo tuna mshono wa kushikiza. Unaupiga mrefu mrefu, kwa uzi wowote, ili vitambaa visiachane mpaka upitishe mshono wenyewe, kisha unaufumua na kuutupa. Kumbe ndilo jina langu. Lilishikizwa tu, na aliyetakiwa kurudi na mashine hakurudi.

Nikaenda jikoni. Miguu ya baba ilikuwa nje, mwili uko ndani ya kabati la sinki.

"Baba, hukujua nini?"

"Nipe ile spana ndogo."

Nikaitazama pale sakafuni. Ilikuwa spana ya zamani, mpini wake umevishwa mpira mwekundu, na mpira wote umetafunwa tafunwa na panya. Nikampa.

"Hukujua kama nitakuwa msichana? Ndiyo sentensi yenyewe?"

"Siwezi kukusikia, niko ndani ya kabati."

"Sikio la kulia ni zima hata ndani ya kabati, baba!"

Akagongagonga bomba. Baadaye kidogo sauti yake ikatoka mle ndani, ndogo, ya ukali wa kulazimisha. "Sentensi ni ya mwenyewe," akasema. Nikaondoka bila kuaga, nikaubamiza mlango, nikarudi kwa sababu nilisahau mkoba, nikaubamiza tena.

Siku zile zilizobaki nilishona kwa hasira. Nilimtia mteja mmoja mikono miwili ya kushoto. Yule mrefu wa suruali alipopita nilimweleza yaliyonisibu, naye akanipa ushauri wa bure, na ushauri wa bure unaujua ulivyo.

"Tunga," akasema. "Sema ni jina la malkia wa kale. Nani ataenda kumuuliza malkia?"

"Malkia gani anaitwa Sikujua?"

"Aliyepinduliwa," akasema.

Nikamfukuza. Lakini alipotokomea nikaanza kumfikiria yule malkia, kwa kuwa ukweli niliokuwa nao ulikuwa nusu, na nusu yenyewe ilikuwa na mwanamume aliyebeba spana ya mtoto asiyekuja. Ningeupeleka vipi ule kwa binti yangu? Kufikia Jumamosi malkia wangu alikuwa na kiti cha enzi, jeshi na cherehani.

Jumamosi sebule ilijaa. Baba alikuja na shati lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe, shangazi akiwa pembeni yake kumwongoza, ingawa yeye ndiye aliyekuwa anaongozwa. Mama Marashi alimletea mtoto blanketi jipya lililonyunyiziwa marashi kiasi kwamba mtoto alipiga chafya kabla hajafunikwa. Dirisha lilikuwa wazi, watoto wa mtaa wanacheza nje. Mkwe wangu akakohoa, safari hii bila simu mkononi, nikamshukuru kimoyomoyo.

"Mama," akaniambia, "umepata maana?"

Nikasimama. Nikajiweka sawa. "Hapo zamani," nikaanza, "katika nchi ya mbali, alikuwepo malkia..."

"Mwongo!" akasema shangazi.

Nikamtazama. Akanitazama. Nikaona jeshi langu lote linakimbia.

"Haya," nikasema. "Hakuna malkia. Jina langu halina maana. Lina nusu ya maana. Ni sentensi ambayo baba yangu aliianza siku niliyozaliwa na hakuimaliza, na mama akasema niitwe hivyo mpaka aimalize. Hayo ndiyo ninayoyajua. Nusu nyingine anayo yeye."

Wote wakamgeukia baba. Baba akawageuzia sikio la kushoto.

"Nusu ya nini?" akauliza Mama Marashi, ambaye kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuwa ameinama mbele kusikiliza jambo lisilomhusu yeye.

Binti yangu alisimama taratibu, bado anatembea kwa uangalifu wa aliyejifungua juzi, akavuka zulia, akamweka mtoto mikononi mwa babu yake. Baba hakuwa na pa kukimbilia. Hakukuwa na sinki karibu.

Akamtazama mtoto. Mtoto akafungua jicho moja, akalifunga, akapiga mwayo mkubwa kuliko uso wake. Mikono ya baba iliyokuwa inatetemeka ikatulia. Midomo ikaanza kucheza.

"Sikujua..." akasema.

Mtandio wa Mama Marashi uliacha kupepea. Shangazi akafunika mdomo kwa kiganja, jambo ambalo ukoo wetu haujawahi kuliona.

"Baba," nikasema, na sauti yangu haikuwa nzuri. "Malizia. Nimetembea na nusu maisha yangu yote, nimechekwa nayo, nimeolewa nayo, nimeiandika kwenye kibao. Kama ni kwamba hukujua nitakuwa msichana, sema tu. Mimi ni mtu mzima. Palipochanika nitashona mwenyewe."

Baba akainua uso, amekunja ndita.

"Msichana? Nani kazungumzia msichana?"

"Si ulitaka wa kiume?"

"Nilitaka. Nilitaka na baiskeli pia." Akamrudia mtoto, akaanza kuongea naye yeye, si sisi, kana kwamba ni siku ile. "Wewe mtu nilikuwa sijawahi kukuona. Hatujasalimiana. Hujanifanyia lolote, umenipigia kelele tu. Na mimi nimekushika, matope yote haya, nikasikia hapa kifuani kitu kimefunguka, maji yanakuja, na hakuna mahali pa kufunga." Akalirekebisha blanketi. "Sikujua kama mtu anaweza kumpenda mtu asiyemjua."

Akatutazama, karibu kwa hasira.

"Ndiyo hiyo. Imekwisha. Mafundi wenzangu walikuwa wamesimama pale mlangoni na spana zao, ningeisemaje mbele yao?"

Nilitaka kusema kitu, nikashindwa. Yaani na mimi ni mtoto wake.

"Na ile ndogo?" nikauliza hatimaye. "Ile uliyomnunulia wa kiume?"

"Nilikupa wewe. Ulikuwa unaota meno, ukautafuna mpini wote. Juzi si umeishika mwenyewe?"

Nikaukumbuka ule mpira mwekundu na zile alama za panya. Hapo nikalia, tena si kwa siri, nililia kwa kelele mbele ya mkwe wangu, kitu ambacho mama mkwe hatakiwi kufanya. Binti yangu akalia kwa sababu nalia mimi. Mama Marashi akatoa leso kutoka kwenye mkoba wake kujifuta, leso ikaachia marashi, na sebule nzima ikaanza kupiga chafya.

"Haya, haya," akasema shangazi, ambaye huzuni ikimkaa sana humsumbua tumbo. "Sentensi imekwisha. Na marehemu wifi yangu aliacha neno: ikiisha, jina libadilishwe. Wewe Sikujua, chagua jina jingine."

"Nani? Mimi?" Machozi yakakatika palepale. "Nibadilishe jina langu? Na kibao changu je? Nguo ikishakaa mwilini miaka yote hii, shangazi, huwezi kuja kuniambia eti ilikuwa imeshikizwa tu!"

"Mimi nakumbusha wosia."

"Wosia ubaki huko huko kwenye ungo!"

"Mama zangu," akasema mkwe wangu akinyoosha mikono kama askari wa barabarani, "tulikuwa kwenye jina la mtoto. Mambo ni matatu. Asili tumeisikia. Maana tumeisikia. Sasa, kwenye umaarufu, kwa haki kabisa, jina la mama..."

Hakumaliza. Nje, mwanamke mmoja alikuwa anamwita binti yake aje kuoga. Akaliita lile jina, lile la nyota tano, kwa sauti ya kuvuka mtaa.

"Abee!" akaitika Mama Marashi.

"Abee!" akaitika jirani wa upande wa pili wa ukuta.

"Abeee!" wakaitika watoto wawili barabarani, na mlango ukafunguliwa mahali fulani ghorofani, mtu akauliza nani ananiita.

Sikusema kitu. Nataka nisifiwe kwa hilo, maana nilikuwa na mengi ya kusema. Nilitazama tu dari, kwa unyenyekevu.

Mama Marashi akakunja leso yake, mara moja, mara ya pili. Akamtazama mtoto aliyelala mikononi mwa baba, kisha akanitazama mimi. Na niseme haki yake: yule mwanamke ana moyo, ila siku nyingi ulikuwa umefunikwa na vipodozi.

"Mpeni Sikujua," akasema. "Angalau akiitwa atageuka peke yake." Akafikiri. "Na wa pili awe wangu."

"Mama, huyu hajamaliza hata mwezi," akalia binti yangu.

"Mimi naweka nafasi tu."

"Mkishaelewana," akasema baba, "mje mmchukue. Amenilowesha."

"Babu, si ungesema mapema!"

"Sikujua," akasema baba, na tulicheka mpaka mtoto akaamka.

Wiki chache baadaye nilimsindikiza mkwe wangu kliniki kumpeleka mtoto kuchanjwa. Binti yangu alibaki nyumbani amelala, na usingizi ule alikuwa anaudai. Foleni ilikuwa ndefu, madawati yamejaa akina mama na vitambaa mabegani. Mkwe wangu alikuwa baba pekee pale, amembeba mtoto kifuani, ametanua mabega kama aliyemzaa mwenyewe. Zamu yetu ilipofika, muuguzi hakuinua hata uso.

"Jina la mtoto?"

"Sikujua," akajibu mkwe wangu kwa fahari.

Muuguzi akaweka kalamu chini. "Baba mzima! Unamleta mtoto kuchanjwa na jina lake hulijui? Nenda kamuulize mama yake."

Madawati yote yakacheka. Mkwe wangu akageuka kunitazama, amewiva masikio. Ningekuwa yule wa zamani, muuguzi yule angenitambua. Ningeanza na malezi yake, nimalizie na ushonaji wa sare yake, ambayo kwa kweli bega moja lilikuwa juu. Lakini mtoto alikuwa amenishika kidole gumba, halafu, sijui niseme vipi, nilimwonea huruma yule dada. Alikuwa amepewa nusu, kama mimi.

Nikavuta stuli, nikaketi mbele ya meza yake.

"Dada," nikamwambia, "hilo ndilo jina. Ila hapo umesikia mwanzo tu. Ngoja nikumalizie."